Maswali ya Wasomaji: Fundi wa Mabomba, Usajili na Bima

SWALI: Assalaam alaikum, ndugu mhariri. Mimi ni fundi wa mabomba, nakaa Langoni hapa Lamu, na nina vijana wawili ninaofanya nao kazi, mmoja wao bado anajifunza. Mwenye nyumba ya wageni kule Shela amenipa kazi ya kubadilisha mabomba ya nyumba nzima, lakini ameshikilia kwamba kwanza nimpelekee usajili wa NCA, mamlaka ya ujenzi, na hati ya bima. Nina cheti cha majaribio ya ufundi cha daraja la pili na leseni ya biashara ya kaunti. Je, hivyo havitoshi? Na bima ni ya nini, ikiwa vijana wangu wote wamejiandikisha SHA, yaani bima ya afya ya serikali?

JIBU: Wa alaikum salaam, ndugu fundi. Mteja wako hajakuonea. Cheti cha majaribio ya ufundi, kinachosimamiwa na mamlaka ya mafunzo ya viwandani, NITA, kinathibitisha kwamba kazi unaijua. Leseni ya kaunti inakuruhusu kufanya biashara ndani ya kaunti. Kuichukua kazi ya ujenzi kwa jina lako kama mkandarasi ni jambo la tatu, nalo linatawaliwa na Sheria ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi ya mwaka 2011, ambayo inakataza mtu kufanya biashara ya ukandarasi bila kusajiliwa na mamlaka hiyo, yaani NCA. Makundi ya usajili ni manane, la kwanza likiwa la kazi kubwa kabisa na la nane la kazi ndogo, na kazi za mabomba na maji machafu zimo katika fungu la huduma za mitambo. Utahitaji biashara iliyosajiliwa, namba ya KRA na cheti kwamba kodi hudaiwi, pamoja na ushahidi kuwa anayeiongoza biashara ana ujuzi wa kazi yenyewe, na hapo ndipo cheti chako cha daraja la pili kitakapokufaa. Leseni ya NCA huhuishwa kila mwaka. Ukifanya kazi kwa ujira chini ya mkandarasi mwingine aliyesajiliwa, NCA ina utaratibu mwepesi zaidi wa kuwatambua mafundi mmoja mmoja, lakini kwa ulivyoieleza kazi ya Shela, mkandarasi ni wewe.

Sasa tuje kwenye bima, ambako ndiko wengi wanakopotea. SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF tangu Oktoba 2024, inagharamia matibabu. Haimlipi kijana aliyeanguka ngazini mshahara wa miezi aliyolala nyumbani, wala haimlipi fidia akipoteza mkono. Jukumu hilo Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini ya mwaka 2007, ambayo wengi huiita WIBA, imelitwika mwajiri, na inamtaka mwajiri awe na bima ya kulibeba. Wapo walioipinga sheria hiyo mahakamani kwa miaka mingi, hadi Mahakama ya Juu ilipoiidhinisha Desemba 2019. Nakuomba uzingatie mambo mawili. Kwanza, anayejifunza kazi naye anahesabiwa kuwa mwajiriwa, kwa hiyo usimwache nje ya orodha unayoipeleka kwa kampuni ya bima kwa kudhani kuwa yeye ni mwanafunzi tu. Pili, fidia ya kifo au ya ulemavu wa kudumu wa mwili mzima ni mapato ya miezi 96. Tuseme kijana wako anapata shilingi 20,000 kwa mwezi: hiyo ni shilingi 1,920,000, na kama huna bima, mdaiwa ni wewe. Piga hesabu hiyo kabla hujasema kwamba malipo ya bima ni ghali.

Bima ya pili, ambayo nadhani ndiyo hasa mwenye nyumba anayoiulizia, ni ya dhima kwa watu wengine. Hii hulipa pale kazi yako inapomjeruhi mtu asiye mwajiriwa wako au inapoharibu mali yake. Kwetu Lamu haja yake ni kubwa kuliko mafundi wanavyofikiri, kwa sababu nyumba za Mji wa Kale zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, dari zake zimebebwa na boriti za mikoko, na nyingi zimepakana ukuta kwa ukuta. Maji yakivuja ndani ya ukuta, jirani asiyejua hata kwamba ulikuwa na kazi pale huona lipu ya chumba chake ikichimbuka. Hapo ndipo unapopaswa kuisoma hati yako neno kwa neno, maana bima nyingi za aina hii hulipa ajali ya ghafla, kama bomba lililopasuka, na hukataa uharibifu wa maji yaliyopenya polepole kwa miezi. Muulize wakala jambo hilo waziwazi, na jibu lake ulipate kwa maandishi.

Vilevile, bima hiyo hailipi gharama ya kuirudia kazi iliyoharibika. Kiungo cha bomba ulichokifunga vibaya utakifunga tena kwa pesa zako; kampuni italipa tu kilicholoa kwa sababu yake. Nimesikia mafundi wengi wakiwaahidi wateja kinyume cha haya, na ahadi ya namna hiyo huishia kwenye ugomvi.

Ikiwa kazi yenyewe imo ndani ya Mji wa Kale, ambao umo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2001, pitia kwanza ofisi ya Makumbusho ya Taifa kabla hujautia tindo ukuta wa zamani. Mbali na haki ya mji wenyewe, kampuni ya bima hupata sababu nyepesi ya kukataa dai la kazi iliyofanywa bila idhini.

Hakikisha pia kwamba kampuni na wakala wana leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Bima, IRA, na kwamba malipo yamefika kwenye kampuni. Sheria ya Bima ya Kenya hairuhusu kampuni kubeba hatari kabla haijalipwa, kwa hiyo hati uliyoichukua kwa ahadi ya kulipa mwisho wa mwezi haina nguvu.

SWALI: Nina nyumba ya kupangisha Malindi. Fundi aliweka tangi jipya darini, kiungo kikaachia usiku, na dari ya mpangaji ikaanguka juu ya televisheni yake. Fundi anasema ana bima. Nifanye nini?

JIBU: Pole sana, dada. Piga picha kabla ya kufagia, na kile kiungo usikitupe wala usimpe fundi: kitie kwenye mfuko, uandike tarehe, ukae nacho, kwani mkaguzi wa bima atataka kuona kama kilipasuka chenyewe au hakikukazwa. Mwandikie fundi barua ya dai siku hiyo hiyo, umtake aijulishe kampuni yake bila kuchelewa, na omba nakala ya hati ya bima. Angalia kama ilikuwa hai usiku wa ajali, kiwango cha juu inacholipa, na kiasi ambacho fundi hujilipia mwenyewe kwanza. Usishangae akikataa kukiri kosa kwa maandishi. Hati nyingi humkataza kufanya hivyo bila idhini ya kampuni, na hilo halimaanishi kwamba anakukimbia. Dari na televisheni ni vya kudai kwenye bima; kiungo chenyewe na kazi ya kulifunga tangi upya ni juu ya fundi. Kampuni ikikaa kimya, peleka malalamiko IRA pamoja na nakala za barua zote.