Shangazi, mume wangu anazuia nisikue kiroho

"Shangazi, nimeokoka miaka minne sasa. Mume wangu, ambaye hufanya kazi ya zamu bandarini Kilindini, ananikataza kesha la Ijumaa kule Mtwapa ninakolishwa Neno, na anataka turudi katika kanisa letu la zamani hapa Mikindani tukashauriwe na wazee. Mchungaji wangu asema mume huyu ni kikwazo. Nifanyeje?"

Pole, mwanangu, maana nyumba isiyo na maelewano huchosha. Lakini barua yako nzima, ambayo hapo juu nimeifupisha, nimeisoma mara tatu, na kila nikiisoma naona anayelalamikiwa ndiye mwenye haki. Mchungaji umemtaja mara tisa, na watoto mara moja tu, uliposema kwamba Ijumaa hulala kwa jirani baba yao akiwa zamu ya usiku.

Kisha ukagusia upesi, kana kwamba si neno, kwamba mchungaji huyo hukushauri kwa simu usiku wa manane na kukuonya usimwambie mumeo. Siri ya ushauri wa Kikristo ni ya kumsitiri mtu aibu yake, haikuwekwa ili mke amfiche mumewe. Na mchungaji anayeijua kazi yake angalimwita mumeo tangu wiki ya kwanza, au angalikukabidhi kwa mama mtu mzima wa kanisa, kama Tito sura ya 2 inavyoagiza wanawake wazee wawafunze walio vijana. Paulo naye, katika 1 Wakorintho 7:5, anawaruhusu wanandoa kutengana kwa ajili ya maombi wakiwa wamepatana, tena kwa muda. Wewe hukupatana na mumeo, na muda wako hauna mwisho.

Unasema hukui. Hili ni kanisa lako la tatu katika miaka minne. Mnazi unaong'olewa kila mwaka utazaa lini? Pale Rabai, wamisionari Krapf na Rebmann walianza kazi mwaka 1846, na kwa miaka mingi waumini walihesabika kwa vidole, lakini Rebmann hakuiacha kazi hiyo kwa karibu miaka thelathini. Mtu hukua penye watu wanaomjua tabia, wanaoweza kumwuliza mbona jana amewafokea wanawe. Katika kesha la mamia usiowajua, nani atakuuliza hilo?

Makanisa yetu huwafunza wachumba majuma kadhaa, na harusi ikiisha hakuna awaulizaye hali. Ndiyo maana ndoa nyingi za leo hushauriwa na simu. Wewe una mume anayeomba mwenyewe kuketi mbele ya wazee, jambo ambalo wanawake wengi wanaoniandikia wamelililia hadi wakachoka.

Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, na ngama yako iko Mikindani. Mweleze mumeo habari za simu hizo leo, kabla hajasikia kwa mwingine, kisha Jumapili asiyokuwa na zamu mwende pamoja mkaonane na mzee wa kanisa na mkewe. Na mtakapotoka huko, barua ya pili niandikieni wote wawili.