Vipuri vipya vya gitaa vimekataa kuingia: nitoboe?

Swali: Shikamoo fundi. Nina gitaa la umeme la bei nafuu, umbo la Stratocaster, ile modeli maarufu ya Fender. Nilitaka kuliboresha, nikanunua voliumu tatu (vidhibiti vya sauti vya kuzungusha), funguo za kukazia nyuzi na daraja zito, kile kipande cha chuma kinachoshika nyuzi mwilini. Voliumu haziingii kwenye matundu, funguo zinacheza, na skrubu sita za daraja hazikutani na matundu ya mwilini. Nimeuziwa feki? Nichukue drili nitoboe?

Jibu: Marahaba. Weka drili chini kwanza. Uwezekano mkubwa hukuuziwa feki. Magitaa mengi ya bei nafuu huundwa kwa milimita, ilhali vipuri vingi vya kuboreshea hufuata inchi za Kimarekani. Kwa macho vinafanana, ila ukivipima kwa kalipa, kile kipimo cha kubana, vinaachana.

Nianze na daraja, maana hapo ndipo gitaa huharibika moja kwa moja. Pima kutoka katikati ya tundu la skrubu ya kwanza hadi katikati ya tundu la sita. Ukipata milimita 52 na ushee kwenye mwili na 56.4 kwenye daraja jipya, usililazimishe. Skrubu ni sehemu tu ya tatizo. Daraja pana huachanisha nyuzi kwa milimita 11.2 hivi, na lile jembamba 10.5. Kati ya nyuzi sita kuna nafasi tano, kwa hiyo nyuzi mbili za pembeni zitaachana milimita 3.5 zaidi. Kwenye shingo nyembamba, uzi mwembamba kabisa utakaa ukingoni, na kila ukiuvuta utachomoka nje ya freti, vile vyuma vilivyopita kwenye shingo. Angalia pia unene wa mwili. Stratocaster halisi ina takriban milimita 44, lakini nakala nyingi ni nyembamba zaidi, na lile bonge la chuma chini ya daraja hutokeza mgongoni.

Ushauri wangu: rudisha daraja hilo. Kama unachotafuta ni uzito, nunua bonge peke yake, ulifunge kwenye bamba la daraja la zamani, baada ya kuhakikisha matundu yake yanalingana. Kama tayari umeshatoboa, ziba kwa kijiti cha mbao ngumu na gundi ya mbao, uache saa 24 kabla ya kugusa tena.

Funguo zinacheza kwa sababu matundu ya kichwani pengine ni ya milimita 10, na zako ni za mtindo wa zamani zinazohitaji tundu jembamba zaidi. Zipo pete za chuma za kuziba pengo hilo. Pima nje na ndani kabla ya kununua. Usizungushie utepe. Nyuzi zikikazwa, mhimili utalala upande na meno yataliwa.

Hata hivyo, kabla ya kubadili funguo jiulize kwa nini ulitaka kuzibadili. Kama gitaa lilikuwa linatoka kwenye sauti, kaza uzi wa G (wa tatu kutoka ule mwembamba) polepole huku ukisikiliza pale kwenye nati, kile kipande chenye mifereji sita juu ya shingo. Ukisikia “tik” na sauti ikaruka, uzi unang’ang’ania mferejini. Paka unga wa risasi ya penseli kwenye mfereji, ujaribu tena. Magitaa mengi niliyoletewa kwa ajili ya funguo yalipona hapo.

Voliumu ndizo rahisi. Shingo ya voliumu ya inchi ina milimita 9.5, na tundu lako huenda ni 7 au 8. Hapo kupanua kunaruhusiwa, lakini kwa tupa ya mviringo au rima (kifaa cha mkono cha kupanulia tundu), kidogo kidogo. Drili hunasa kwenye plastiki. Mimi mwenyewe nilishapasua kibao cha plastiki cha gitaa la mteja, kile kinachobeba voliumu, kwa sekunde moja, nikakilipa. Vishikio vya zamani vya kuzungushia voliumu navyo vinaweza kukataa: mhimili wa milimita huwa na meno 18, wa inchi 24. Usivigonge, tafuta vinavyolingana.

Soma pia maandishi ya mgongoni mwa voliumu. Kwa pikapu (vinasa sauti vya nyuzi) za koili moja tumia 250K, yaani ukinzani wa kilo-ohm 250, na kwa hambaka, zile za koili mbili, 500K. Na piga picha ya nyaya zote kabla hujayeyusha lehemu ya kwanza.