Safari ya kwanza ya porini na familia, Tabora: shughulikia upepo wa tairi kabla ya kitu kingine

Pikapu nyingi za 4x4 zinazokwama kwenye njia za Sikonge, Uyui na Kaliua hazikwami kwa udhaifu wa injini. Zinakwama kwa sababu tairi zina upepo mwingi wa kuendeshea lami, na dereva alipohisi gari linazama akakanyaga mafuta zaidi. Kama ndiyo mara yenu ya kwanza kutoka na watoto nje ya barabara, yashughulikieni hayo mawili kabla ya kununua winchi au bampa la chuma.

Chagueni kwanza msimu. Mvua za Tabora huanza Novemba na kwisha Aprili, kwa hiyo safari ya kwanza iwe kati ya Juni na Septemba. Udongo mweusi wa mbuga (bonde tambarare linalotuamisha maji) ukilowa hauna dawa ya 4x4: unajaa kwenye meno ya tairi, tairi inakosa cha kushika, na magurudumu yote manne yanazunguka pamoja bila gari kusogea. Hata kiangazi kikiwa kimeanza, mbuga inaweza kuwa na ganda kavu juu na tope chini. Shuka, chomeka fimbo. Ikizama sentimita 20 bila kusukumwa kwa nguvu, geuza. Mvua ikiwakuta tayari mko ndani ya mbuga, tafuteni mwinuko wenye miti, msubiri hapo hata masaa matatu.

Umbali usiwe mkubwa. Kilomita 30 hadi 40 za njia ya vumbi, kwenda na kurudi, zinatosha kabisa, maana mwendo wenyewe ni wa 15 hadi 20 kwa saa. Ondokeni saa moja asubuhi, na ikifika saa saba mchana geuzeni hata kama hamjafika mlikokusudia. Kuchimba gari kwenye mchanga kunaweza kula masaa mawili, na kufanya kazi hiyo gizani na watoto ni hatari. Bakini kwenye njia za vijijini, mkimjulisha mtu mjini mnapita wapi na mnarudi saa ngapi. Misitu ya hifadhi iko chini ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu), na Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla, iliyotangazwa 2019, iko chini ya TANAPA. Huko huingii bila kufuata taratibu zao. Mkiwa na muda asubuhi, piteni kwanza Kwihara muwaonyeshe watoto tembe walilokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872.

Sasa tairi. Upepo wa lami umeandikwa kwenye kibandiko karibu na mlango wa dereva. Kwa pikapu isiyo na mzigo mara nyingi ni kati ya psi (kipimo cha upepo) 29 na 35. Mkiingia njia mbovu ya vumbi, shusha hadi 26. Kwenye kichanga kirefu shusha hadi 20 au 18, na kama nyuma kuna mzigo, tairi za nyuma ziachie psi tatu au nne zaidi. Tairi iliyopungua upepo inalala na kurefuka pale inapogusa ardhi, uzito unasambaa, na gari linapita juu ya mchanga badala ya kuuchimba. Usishuke chini ya 15 ukiwa kwenye mwendo, kwa sababu ukikata kona tairi inaweza kuchomoka kwenye rimu. Maadamu upepo uko chini, usizidishe kilomita 40 kwa saa. Kompresa ndogo ifungwe moja kwa moja kwenye betri huku injini ikiunguruma. Zenye nguvu zikichomekwa kwenye tundu la kuwashia sigara huweza kuunguza fyuzi.

Lakini upepo mdogo una gharama yake, na kwa Tabora gharama hiyo ni visiki. Miombo imekatwa sana kwa mkaa na kukaushia tumbaku, na visiki vimejificha kwenye nyasi. Vilivyopitiwa na moto huwa na ncha kali. Tairi laini hutokeza ubavu nje, na ubavu ukichanika hauzibiki kwa vijiti vya pancha. Kwa hiyo shusha upepo kwa ajili ya mchanga tu, fuata alama za magari yaliyotangulia, na ukitoka kwenye mchanga rudisha hadi 26. Tairi za spea zikiwa mbili ni bora zaidi.

Gari lenye habu (kitovu cha gurudumu) za kufunga kwa mkono, kama Land Cruiser mkonga nyingi, linahitaji ushuke uzungushe habu zote mbili za mbele hadi LOCK. Wengi huvuta mkono wa gia tu, magurudumu ya mbele yasivute kitu, kisha wakalaumu gari. Weka H4 (magurudumu yote manne yanavuta, gia za kawaida) kabla ya kuingia mchangani. L4 (yote manne, gia nzito za mwendo mdogo) ni ya kupanda na kushuka makorongo, na inawekwa gari likiwa limesimama kabisa. Kwenye lami rudisha H2 (magurudumu ya nyuma tu), maana ukibaki H4 ukakata kona, ekseli ya mbele na ya nyuma huzunguka kwa kasi tofauti, na kwa kuwa zimefungwa pamoja, usukani unakuwa mzito na gia zinaumia.

Mchangani tumia gia ya pili, mwendo wa kutobadilika. Ukitaka kusimama, achia mafuta gari lisimame lenyewe, maana breki hulundika mchanga mbele ya tairi. Gurudumu likianza kuzunguka bila kusogea, acha palepale. Sekunde tano za ubishi zinalaza difu (kile kibuyu cha gia katikati ya ekseli) juu ya mchanga, na hapo kazi imekuwa kubwa mara tatu.

Gari likishakwama, watoto washuke kwanza wakae kivulini, pembeni kabisa, siyo mbele wala nyuma ya gari. Chukua chepe, ondoa mchanga nyuma ya tairi zote nne, halafu chini ya difu hadi uone mwanga upande wa pili. Hapa sasa shusha upepo hadi 15. Nyoosha usukani, rudi nyuma taratibu kwenye alama zako mwenyewe, kwa sababu mchanga huo umeshashindiliwa. Ikishindikana, inua gurudumu kwa jeki iliyokaa juu ya ubao wa sentimita 30 kwa 30, ujaze shimo na matawi makavu ya chini. Jeki bila ubao itazama yenyewe.

Kama kuna gari la pili la kuvuta, kamba ifungwe kwenye ndoano iliyoshikwa kwenye chesisi. Kamwe usifunge kwenye boli ya trela (kile kichwa cha mviringo cha kuvutia trela). Boli hiyo ikikatika hurushwa kwa kasi ya kuua. Kila asiyeshika usukani asimame mbali kupita urefu wa kamba mara moja na nusu, na katikati ya kamba laza koti zito.

Nyasi ndefu hazizungumzwi vya kutosha. Mbegu zake huziba rejeta, injini ikachemka. Makapi hujikusanya juu ya ekzosi na kuwaka. Kila nusu saa simama penye ardhi tupu, chungulia chini, toa nyasi kwa kijiti na siyo kwa mkono mtupu. Kizima moto cha angalau kilo 2 kikae ndani ya kebini, mahali mkono unafika. Hapohapo angalia juu kabla ya kuegesha: mizinga ya nyuki imetundikwa mitini kila mahali, na muungurumo huwaudhi. Wakishuka, wote ndani, vioo juu, ondokeni.

Ndorobo huandama kitu kinachotembea na hupenda rangi ya bluu na nyeusi, kwa hiyo vaeni khaki mikono mirefu na mfunge vioo. Dawa ya kupaka haiwazuii sana. Mtoto akipata homa wiki zinazofuata, mwelezeni daktari kwamba aliumwa na ndorobo, ili malale yachunguzwe.

Mtu asipande nyuma kwenye bodi, hata mwendo ukiwa mdogo. Wote ndani na mikanda. Maji lita nne kwa kila mtu, na lita kumi nyingine za rejeta. Jaza tenki, maana mchanga na L4 vinakula mafuta kupita hesabu ya lami.

Mkirudi kwenye lami, fungua habu, jaza upepo kama kibandiko kinavyosema na kaza nati za magurudumu. Kesho yake safisha rejeta kwa maji ya taratibu kutokea upande wa injini kwenda nje, ili mbegu zitoke zilikoingilia.