Gitaa Linavuma Kama Nyuki: Majibu kwa Wapiga Roki

Mwalimu, nikiwa chumbani sauti yangu ni tamu, geini (kitufe cha kukoleza ukali wa sauti kwenye amplifaya) nimeifungua yote. Nikiingia kwenye bendi sisikiki kabisa. Kwa nini? (Jinja)

Kwa sababu uliitengeneza sauti ukiwa peke yako. Geini ikizidi, noti zinabanana na pigo la mkono linapotea, unabaki mvumo wa nyuki. Na midi (sauti za kati) umeizamisha, sivyo? Karibu kila kijana anayenijia amefanya hivyo: besi juu, trebo juu, midi sifuri. Chini kuna mwenye gitaa la besi, juu kuna matoazi ya ngoma. Wewe makao yako ni katikati. Pandisha midi ipite nusu, kisha shusha geini hadi kila noti ya kodi (noti zinazopigwa pamoja) isikike. Msikilize Malcolm Young wa bendi ya AC/DC: nyuzi nene, geini ndogo kuliko unavyodhani, ukali wote unatoka mkononi. Kwenye solo weka pedali ya ovadraivu (kisanduku cha kukanyaga kinachokoleza sauti) mbele ya amplifaya, draivu yake chini, voliumu juu.

Nina gitaa, Stratocaster. Niiuze ninunue Les Paul? (Mbale)

Usiuze. Ritchie Blackmore wa bendi ya Deep Purple aliunguruma na Stratocaster miaka mingi. Tofauti kubwa iko kwenye pikapu, kinasa sauti kilicho chini ya nyuzi (si ile ya kubeba matoke). Pikapu ya koili moja, kama za Stratocaster, hunasa mvumo wa umeme. Hambaka, pikapu ya Les Paul nyingi, aliyoibuni Seth Lover wa Gibson mwaka 1955, ina koili mbili zinazoufuta mvumo huo, na sauti yake ni nene. Zipo hambaka zenye umbo la koili moja. Fundi akufungie moja karibu na daraja, bila kuchonga mbao.

Shemeji ameniletea amplifaya ya valvu kutoka Marekani. Nibadilishe plagi tu? (Kampala)

Thubutu! Kule volti ni 120, hapa 240. Soma mgongoni mwake. Kama ni 120 pekee, nunua transfoma ya kushushia umeme, yenye wati kuzidi zile amplifaya inazokula. Amplifaya moja niliichoma mwenyewe ujanani. Ile harufu!

Naishi kwenye muzigo (chumba cha kupanga), ukuta mmoja na jirani. Amplifaya ya Marshall ya wati 100 itafaa? (Kampala)

Utafukuzwa. Hata ya 50 haikuokoi, maana ukikata wati nusu, sauti hushuka desibeli 3 tu. Tafuta ndogo yenye tundu la hedifoni. Hamu ya kelele ikikushika, mwombe mchungaji ukumbi Jumamosi mchana, kwaya ikiwa bado haijafika.