Mashine ya gemu ikikuletea pesa pungufu, anza na kaunta

Wenye mashine za gemu wanaoniita kazini wengi huuliza jambo moja: vijana wanaichezeaje mashine bila kulipa? Wanataka nifunge kifaa cha kuzuia wizi. Mimi huomba kwanza daftari la hesabu na namba za kaunta. Daftari huwa lipo, kaunta mara nyingi haipo, na bila kaunta hata ukifunga kifaa cha bei mbaya hutajua kama kimesaidia.

Kaunta ninayoisema ni ile ndogo ya namba zinazozunguka, isiyorudishwa sifuri, inayofungwa ndani kwenye waya unaotoka kwenye kisoma sarafu. Kila sarafu ikikubaliwa, namba inapanda moja. Tuseme Jumatatu ilisomeka 14,320 na Jumatatu iliyofuata 14,905. Zimeingia sarafu 585, na kama ni za shilingi 200, sandukuni unatakiwa ukute 117,000. Ukikuta 101,400, zimepungua sarafu 78. Pesa ikizidi namba, waya wa kaunta ulichomolewa au umelegea. Isome wewe pamoja na kijana anayekaa na mashine, muandike, msaini wote wawili. Kijana mwaminifu hulipenda jambo hili, maana linamwondolea lawama.

Kisha tazama funguo kabla ya kuwashuku wateja. Mashine nyingi za bei nafuu huja na makufuli ya aina moja, hivyo ufunguo wa jirani unaweza kufungua mlango wako. Badilisha. Sanduku la pesa liwe na kufuli lake na ufunguo ukae kwako. Mlango wa mbele nao una hatari yake: ndani kuna kitufe cha fundi kinachotoa kredi, yaani nafasi ya kucheza, bila sarafu. Mwenye ufunguo anaweza kupokea pesa mkononi na kubonyeza kitufe, kaunta isisogee hata kidogo. Bodi nyingi, yaani sakiti inayoendesha mashine, zina ukurasa wa hesabu kwenye skrini unaotenganisha kredi za sarafu na kredi za kitufe. Ufungue kila unapokusanya pesa. Tokeni, vile visarafu maalumu vya kuchezea tu, zina mtego unaofanana na huo: ukinunua zile za kawaida zinazouzwa kwa kila mtu, mtu anaweza kununua mfuko wake akawauzia wateja wako. Tafuta zenye kipenyo au mfereji usio wa kawaida, na uzihesabu kama unavyohesabu pesa.

Sarafu za kughushi au za kigeni za kudanganya mashine zipo kweli. Japani waliwahi kusumbuliwa na sarafu ya won 500 ya Korea Kusini, iliyolingana kwa ukubwa na madini na yen 500. Ilikuwa na gramu 7.7 dhidi ya 7.2, na thamani yake ilikuwa kama sehemu ya kumi tu. Watu waliitoboa au kuikwangua hadi uzito ukakaribiana, mashine zikadanganyika, na mwaka 2000 Japani ikatoa yen 500 ya madini mengine. Kwetu tatizo kubwa zaidi ni washa, vile vibati vya duara vyenye tundu vinavyowekwa chini ya nati, na sarafu za zamani. Kisoma sarafu cha kufundishwa, yaani kile kinachoonyeshwa sarafu za mfano ili kizitambue, kifundishe kwa sarafu mpya na zilizochakaa zikichanganywa, kisha ukaze ukaguzi kidogo kidogo huku ukijaribu. Ukikaza mno, kitakataa pesa halali na mteja ataondoka.

Sarafu iliyofungwa uzi ili mtu aivute tena nje huzuiwa na ulimi mdogo kwenye njia ya kutokea, au na sensa zinazodai sarafu ipite kwa mpangilio bila kurudi nyuma. Ulimi huo ukijaa vumbi na bablishi haufanyi kazi, kwa hiyo usafi hapo ni ulinzi. Chungulia pia tundu la kurudishia sarafu: wapo wanaosokota karatasi humo ili sarafu za wenzao zikwame, waje kuzitoa baadaye. Kwenye meza za pool huziba mifuko kwa kitambaa, mipira isishuke, ili wacheze tena bila kulipa.

Kuna pia wanaotumia cheche ya kiberiti cha gesi kuchanganya bodi itoe kredi. Dawa yake ni waya wa ethi, ule unaopeleka umeme ardhini. Unganisha vyuma vyote vya nje na ethi, weka waya wenye ganda la chuma kutoka kwenye kisoma sarafu hadi kwenye bodi, na fundi aongeze kapasita ndogo pale waya unapoingia. Vibanda vingi vinatumia soketi isiyo na ethi kabisa. Nawasihi, hili lisisubiri wizi. Mashine ya mwili wa chuma inayoshikwa na watoto, wengine pekupeku kwenye sakafu yenye maji, inaweza kuua.

Mtoto ukimkamata na uzi, usimpige wala usiite kundi la watu. Mchukue kwa mzazi wake, na ulimi urekebishwe siku hiyohiyo. Na mashine ikimeza sarafu ya mtoto bila kumpa mchezo, mrudishie palepale, hata kama una wasiwasi anadanganya. Andika daftarini saa na namba ya mashine. Marejesho yakirudiarudia kwenye mashine moja, zima hiyo mashine na ufungue kisoma sarafu.