Anza na faili zenyewe, programu itafuata

Ndugu, umeeleza kwamba una nyimbo zipatazo 9,000 zilizotawanyika katika kompyuta mbili na diski moja ya nje, nyingi zikiwa na jina la "Track 01" tu, na ungependa kujua ni programu gani itakayozipanga. Nami nilianza na swali hilo hilo, na jibu nililolifuata lilinipotezea kazi ya miaka minne.

Wakati huo niliiachia programu moja kila kitu. Humo nilisahihisha majina ya waimbaji, nikatunga orodha za kusikiliza na kuzipa nyimbo nyota, bila kujua kwamba sehemu kubwa ya kazi hiyo ilikuwa ikitunzwa katika hifadhidata ya programu yenyewe, si ndani ya faili za muziki. Kompyuta ilipoharibika, muziki ulisalimika kwa kuwa nilikuwa na nakala yake, lakini nilipoufungua kwenye kompyuta nyingine nilikuta majina yale yale ya ovyo niliyodhani nimekwisha kuyaondoa. Tangu hapo nashika kanuni moja: ninachokijua kuhusu wimbo hukiandika ndani ya faili ya wimbo huo, ili kiufuate popote uendako.

Faili za MP3 hubeba maelezo hayo katika lebo ziitwazo ID3. Toleo la kwanza lilikuwa na baiti 128 tu mwishoni mwa faili, na jina la wimbo halikuweza kuzidi herufi 30. Ndiyo sababu baadhi ya faili zako za zamani huenda zinaonyesha majina yaliyokatika katikati. Toleo la pili liliondoa ufinyu huo na linaweza kubeba hata picha ya jalada. Faili za FLAC, yaani zile zinazobana muziki bila kupoteza sauti, zina lebo za aina nyingine, ila kazi ni ile ile.

Kwa nyimbo zisizo na jina, tumia MusicBrainz Picard, ambayo hutolewa bure. Programu hii huweza kukokotoa alama ya utambulisho kutokana na sauti yenyewe, kisha ikailinganisha na zilizomo katika hifadhidata ya mtandaoni, hivyo hata "Track 01" inaweza kupata jina lake halisi. Nakusihi usiitupie nyimbo zote kwa mkupuo. Wimbo mmoja huweza kuwa umetoka katika albamu yake ya asili na pia katika mikusanyo kadhaa ya baadaye, na programu ikiachwa ichague peke yake, albamu moja inaweza kusambaratika katika folda nyingi. Mimi hushughulikia albamu moja moja, nikihakiki mwaka na namba za nyimbo kabla ya kuhifadhi. Ni kazi ya miezi, lakini haihitaji kurudiwa.

Angalia kwa makini sehemu ya mwimbaji wa albamu, ambayo ni tofauti na mwimbaji wa wimbo. Pale mwimbaji anapowaalika wenzake katika nyimbo tatu au nne, majina yao yaandikwe kwenye nyimbo husika, lakini mwimbaji wa albamu abaki yule yule kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa mwisho. Malalamiko mengi ninayoyasikia kwamba "programu imeivunja albamu yangu" chanzo chake ni hapo.

Kama bado unazo CD, zinakili upya kwa FLAC. Sauti ya CD huchukua kilobiti 1,411 kwa kila sekunde. FLAC huipunguza mara nyingi hadi karibu nusu au theluthi mbili bila kupoteza chochote, ilhali MP3 hupunguza kwa kutupa sehemu ya sauti. Kilichotupwa hakirudi, kwa hiyo usizigeuze MP3 zako kuwa FLAC, maana utajaza diski bure. FLAC ina faida nyingine ninayoithamini sana: kwa kawaida kila faili hubeba namba ya uhakiki ya sauti yake, hivyo unaweza kupima kama imeharibika.

Orodha za kusikiliza zihifadhi kama faili za M3U, zikitaja mahali ulipo kila wimbo kuanzia kwenye folda ya muziki, si kuanzia kwenye herufi ya diski, la sivyo zitakufa siku utakapohamisha muziki.

Ukishafika hapo, chagua programu uipendayo. Kwenye Windows natumia foobar2000, na kwenye Linux natumia Strawberry. Zote mbili hutumia ReplayGain, yaani kipimo kinachoandikwa kwenye lebo ili nyimbo zisipishane mno kwa ukubwa wa sauti, huku sauti iliyomo kwenye faili ikibaki ilivyo.

Weka nakala mbili za akiba, moja nje ya nyumba unayoishi. Kisha chukua albamu moja kutoka kwenye nakala hiyo, uifungue kwenye kompyuta nyingine kwa programu ambayo hujawahi kuitumia. Majina, mwaka, mpangilio wa nyimbo na jalada vikionekana sawasawa, endelea na albamu inayofuata.