Kabla Hujatia Sahihi Karatasi Yao ya Maadili

Mkaguzi wa maadili wa mteja wangu mkubwa alikuja Jumanne asubuhi, kofia ngumu kichwani, aliyokuja nayo mwenyewe. Karakana yangu iko nje kidogo ya barabara ya Lunga Lunga, Industrial Area, Nairobi. Tunakata na kuchapa maboksi ya katoni, na siku hiyo tulikuwa watu kumi na mmoja. Akapima upana wa mlango wa dharura, akasoma tarehe kwenye kizimamoto, akaenda hadi chooni kuona kama kuna sabuni. Kisha akamvuta pembeni mzee wetu wa mashine ya kukatia na kumwuliza kama mshahara unafika kwa wakati.

"Madam akilipwa, nasi tunalipwa," mzee akajibu. Hakuwa na nia mbaya. Alieleza mambo yalivyo.

Ripoti ilipotoka, kosa langu kubwa lilikuwa hilo: mishahara kuchelewa, kinyume cha kanuni za maadili za mteja. Na mteja mwenyewe, kampuni ya kigeni yenye matawi kila pembe ya dunia, siku ile alikuwa amekalia ankara yangu ya siku tisini na saba. Nilikuwa nimemwonyesha mkaguzi faili. Akaitazama kwa adabu kabisa, akasema, "Naelewa, mama, lakini hiyo haiko kwenye fomu yangu."

Basi naandika kwa ajili yako uliyepata LPO (hati ya oda) ya kwanza kutoka kampuni kubwa na bado unatabasamu.

Pamoja na LPO utaletewa kijitabu cha maadili utie sahihi. Changu kilikuwa na kurasa ishirini na mbili: hakuna kuajiri watoto, hakuna hongo, wafanyakazi wawe huru kujiunga na chama, mishahara ilipwe bila kuchelewa. Sina ugomvi na hata sentensi moja. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 41, nayo inalinda ujira wa haki na uhuru wa kujiunga na chama. Shida ni kwamba kijitabu kile kimeandikwa na idara moja, na masharti ya malipo yameandikwa na nyingine, na idara hizo mbili hazikutani popote isipokuwa juu ya meza yako. Moja inakuamuru ulipe watu kwa wakati. Nyingine inakwambia utalipwa baada ya siku 120. Ziweke karatasi hizo bega kwa bega usome zote mbili kabla kalamu haijagusa karatasi. Mimi nilisoma ya maadili tu, kwa sababu ndiyo iliyokuwa na picha nzuri.

Na hizo siku 120, uliza zinaanza kuhesabiwa lini. Nilipeleka maboksi tarehe 3 Machi na ankara yake juu. Mtambo wao wa kompyuta ukaikataa kwa sababu namba ya LPO ilikosa sufuri moja, nikairudisha, ikakaa, na saa ikaanza kuhesabu tarehe 26. Maana yake pesa ingeingia mwishoni mwa Julai. Lakini KRA, mamlaka ya kodi, haingoji Julai. VAT, kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16, inahesabiwa tangu ulipotoa mali na ankara, na inatakiwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata, uwe umelipwa au hujalipwa. Kwa hiyo tarehe 20 Aprili niliilipa serikali kodi ya pesa nisiyoijua rangi. Anayeniuzia roli za karatasi naye anataka keshi kabla lori halijawashwa. Ukipiga hesabu vizuri utaona kwamba mimi, na mashine zangu tatu, nilikuwa naikopesha kampuni yenye jengo lake, bila riba. Mhuri wa tarehe kwenye hati ya delivari, basi, uudai hata kama mlinzi wa getini anakunja uso.

Ufaransa, kwa mfano, sheria ya mwaka 2008 iliweka kikomo cha siku 60 tangu ankara itolewe, na anayepita hapo anapigwa faini. Kampuni inayofanya biashara huko na huku inajua kulipa ndani ya siku 60. Ikifika Nairobi inasema siku 120 ndio "utaratibu wetu wa kimataifa". Hapo ndipo mimi hupima maadili ya kampuni, si kwenye ripoti yenye picha za watoto wakipanda miti. Machi 2020, corona ilipoingia, kampuni kubwa za mavazi za Ulaya na Marekani zilifuta oda huko Bangladesh, nyingine za nguo zilizokwisha kushonwa. Nyingi kati yake zilikuwa na vijitabu vya maadili kama hicho changu.

Sasa na mimi nijisute. Hakuna aliyenishika mkono kukubali oda kubwa kuliko mtaji wangu. Vijana wangu wanatembea kwa miguu kutoka mtaa wa Mukuru, na kodi ya nyumba haiwasubiri. Mshahara wao ni deni langu mimi, si la mteja wangu. Mshauri mmoja alinijia akaniambia anaweza "kunipangia" daftari la mishahara lipendeze mkaguzi akirudi. Nusura nikubali. Usikubali kamwe, kwa sababu ukishaandika kwamba watu walilipwa tarehe 30, umeufuta mwenyewe ushahidi kwamba ulicheleweshewa.

Nilichofanya badala yake ni kuandika barua. Ukurasa wa mwisho wa vijitabu hivi mara nyingi huwa na anwani ya kuripoti ukiukaji wa maadili, na inakwenda makao makuu, si ofisi ya hapa. Nikaandika ukurasa mmoja: ankara nne, tarehe zake, siku zilizopita, na matokeo ya mkaguzi wao wenyewe. Nikataja kanuni za Umoja wa Mataifa za biashara na haki za binadamu za mwaka 2011, zile alizoziandaa Profesa John Ruggie, ambazo kijitabu chao kinajivunia kuzifuata. Zinaitaka kampuni iangalie madhara inayoyachangia kupitia watu inaofanya nao biashara. Ujerumani imekwenda mbali zaidi: sheria yake ya minyororo ya ugavi, iliyoanza kutumika Januari 2023, inagusa hata namna kampuni inavyonunua. Sikutukana, sikulia.

Jibu lilikuja baada ya wiki tatu. Ankara mbili zikalipwa wiki hiyohiyo, mbili mwezi uliofuata. Afisa ununuzi wa hapa Nairobi hakunisalimu tena, na LPO zikapungua hadi zikakauka. Sikufichi hilo. Kama mteja mmoja ndiye nusu ya mauzo yako, tafuta wengine kwanza, barua ije baadaye.

Mlango mwingine ni Mamlaka ya Ushindani ya Kenya. Sheria ya ushindani inahesabu kuchelewesha malipo kinyume cha makubaliano, bila sababu ya maana, kuwa matumizi mabaya ya nguvu za mnunuzi, na mwishoni mwa 2023 supamaketi moja kubwa yenye asili ya kigeni ilitozwa zaidi ya shilingi bilioni 1.1 kwa kuwabana wauzaji wake. Ila soma neno "kinyume cha makubaliano". Ukishatia sahihi siku 120, ndiyo makubaliano hayo.

Mwezi uliopita nililetewa kijitabu kingine, kurasa kumi na nne. Nikaandika kwa mkono chini ya ukurasa wa mishahara: "Mnunuzi atalipa ndani ya siku 45 tangu mhuri wa delivari." Binti aliyekileta akacheka, kisha akaona sicheki, akasema atauliza wakubwa. Bado anauliza. Mashine inakata maboksi ya mwenye mkate wa Eastleigh, ambaye hana kijitabu chochote na hutuma M-Pesa kabla pikipiki haijatoka getini.